Kila Unachokifunga Kina Kinachokibeba: Mafunzo Niliyopata kwa Gari la Milimani

Kijana wa Dakhiliya, hapa Oman, akinunua gari la milimani, wiki ile ile huanza kulifunga vitu: taa za juu, keria, bampa la chuma, tairi pana, winchi. Simlaumu. Mimi naishi Tanuf, baina ya mdomo wa wadi (bonde la mto wa msimu) na magofu ya mji wa zamani uliobomolewa kwa mabomu ya ndege za Kiingereza katika vita vya Jebel Akhdar, miaka ya 1950. Huku lami inakwisha upesi, na anayetaka kuijua nchi hii hana budi kupita pale inapokwishia. Jioni za Alhamisi ndugu huja kutoka Muscat, Ibra na Sur. Wengi wetu tumezaliwa, au wazee wetu wamezaliwa, Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, na boneti likishafunguliwa mazungumzo yote huwa ya Kiswahili.

Kazi hii ya kufunga vifaa nimeifanya uwanjani kwangu tangu nikiwa na nywele nyeusi, khasa kwa Land Cruiser ya zamani ya 80, ile yenye ekseli nzima mbele na nyuma na springi za koili. Jambo moja limejirudia kila nilipofungua boksi jipya. Kifaa hakijibebi chenyewe. Uzito wake unabebwa na springi, umeme wake unabebwa na waya, mvuto wake unabebwa na bolti, na kasi ya gari zima inabebwa na breki. Dukani unaonyeshwa kifaa tu. Haya ninayoyaandika ni juu ya vile vinavyobeba, na nakuandikia wewe ambaye gari unalo na spana umeshaishika.

1. Pesa ya mwanzo iende kwenye upepo

Tulizama siku moja kwenye mchanga wa Sharqiya, ule ambao wengi bado wanauita Wahiba, kusini ya Bidiya. Mbele ya gari palikuwa na winchi mpya kabisa. Tukaitoa kamba, tukatazama kulia na kushoto: hapana mti, hapana jiwe, mchanga mtupu mpaka macho yanapokoma. Akatokea mzee wa Kibedui na Hilux isiyo na pambo lolote. Hakusema mengi. Aliokota kijiti, akachutama kwenye tairi moja baada ya jingine akitoa upepo, akafukua mchanga kwa mikono yake, kisha akaniambia nirudi nyuma polepole kwa kufuata alama za tairi zangu mwenyewe. Gari likatoka bila kuvutwa na mtu.

Tairi lenye psi 35 hugusa mchanga kwa eneo dogo na kuuchimba. Likishushwa hadi psi 15 au 18, alama yake hurefuka, uzito ule ule unatandazwa mahali pengi zaidi, na gari linaelea juu ya mchanga. Ukiwa na upepo mdogo usikate kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na kabla ya kurudi kwenye lami lazima ulijaze, kwa sababu tairi laini likikimbizwa linapata moto na kupasuka.

Kwa hiyo kompresa nzuri na geji ya kuaminika ndiyo manunuzi ya kwanza. Kompresa yenye nguvu hula ampea 30 au zaidi, na tundu la kuwashia sigara kwa kawaida lina fyuzi ya 10 au 15. Iunganishe na betri moja kwa moja, injini ikiwa inanguruma.

Winchi siikatai. Mpwa wangu yuko Arusha, anapeleka watalii Serengeti kwa Land Cruiser iliyorefushwa chesisi katika gereji za mjini kule, na msimu wa mvua udongo mweusi unapogeuka gundi, winchi na mti wa karibu ndivyo vinavyomfikisha kambini. Kwetu sisi miti ni michache. Fahamu pia kwamba namba iliyopigwa kwenye winchi, tuseme kilo 5,400, ni nguvu ya mzunguko wa kamba ulio karibu kabisa na ngoma. Kamba ikiwa imejaa juu ya ngoma, nguvu inapungua. Anayetaka nguvu zaidi atumie kapi, ambalo karibu linaizidisha mara mbili.

2. Uwanja wenyewe ni kifaa

Uwanja wangu wa zamani ulikuwa kokoto za wadi, nzuri kwa kuangalia. Nilikuwa nimefungua tairi la nyuma, gari limekaa kwenye stendi mbili, nimeingia ndani kunywa maji. Nikasikia mlio. Stendi moja ilikuwa imezama kokotoni na gari limelala upande. Dakika chache kabla yake nilikuwa chini ya gari hilo hilo.

Tangu siku hiyo chini ya kila stendi huwa na ubao mnene au bamba la chuma, na baadaye nikamwaga zege sehemu inayotosha gari moja. Jeki ni ya kuinulia. Ikishainua, gari libebwe na stendi. Magurudumu yanayobaki chini yatiwe magogo mbele na nyuma, na tairi ulilolifungua lilaze chini ya chesisi, ili gari likianguka liangukie hapo. Jeki ndefu ya kupampu, ile inayofungwa nje ya gari kwa fahari, isiwe hata siku moja ndiyo inayokutenga wewe na gari ukiwa chini yake.

Juu ya joto sina mengi. Fanya kazi baada ya alfajiri, uache jua linapopanda. Kiangazi spana iliyoachwa nje inaunguza kiganja, na mtu aliyechoka na jua ndiye anayeirukia nati ya mwisho. Tena usifanye peke yako. Awepo mtu wa kupiga kelele na kuita watu.

3. Fyuzi ikae penye betri

Taa zangu za kwanza nilizifunga kwa hamu kubwa, usiku. Fyuzi niliitia, lakini niliitia ndani, karibu na swichi, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa rahisi kuifikia. Miezi kadhaa baadaye, nikirudi kutoka Al Hamra, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Waya ulikuwa umesuguana na ukingo wa bati pale unapopenya kuingia ndani ya gari, ukachunika na kugusa bodi. Nilipoitoa fyuzi niliikuta nzima. Umeme ulikuwa umekimbilia kwenye bodi kabla haujaifikia. Kosa lilikuwa langu mimi, na gari lingeweza kuteketea na watoto ndani.

Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, kwa hiyo lazima ikae pale waya unapoanzia, kiasi cha shubiri moja tu kutoka kwenye kichwa cha betri. Kinachofuata ni hesabu ndogo ambayo kila mtu anaiweza. Chukua wati, gawa kwa volti. Taa mbili za wati 60 kila moja kwenye volti 12 zinakula ampea 10. Taa mbili za zamani za halojeni za wati 100 zinakaribia 17. Waya uchaguliwe kwa namba hiyo pamoja na urefu wake, kwa sababu waya mwembamba na mrefu hupoteza umeme njiani: taa inafifia na waya wenyewe unapata moto. Fyuzi iizidi kidogo tu namba ya taa, na isiuzidi uwezo wa waya.

Halafu tia rilei, ili mkondo mkubwa usipite kwenye swichi. Miguu yake imeandikwa namba. 30 inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi, 87 inaupeleka kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, na 85 inakwenda kwenye bodi. Kila tundu la bati litiwe mpira wa kupitishia waya. Waya wote uvalishwe ala, ukae mbali na ekzosi, na ufungwe pasiwe na sehemu inayocheza. Ukipeleka waya wa bodi kwenye chuma kilichopakwa rangi, kwangua rangi kwanza. Nusu ya taa zinazowaka na kuzimika nilizoletewa hapa uwanjani dawa yake ilikuwa msasa.

Kitu kilichonishangaza zaidi kilikuwa mwanga wenyewe. Taa za juu ya paa zinapiga kwenye boneti na kurudi machoni mwako, na ukiwa nyuma ya gari jingine kwenye njia ya vumbi, zile nyeupe zinajenga ukuta mbele yako. Zilizonifaa ni za manjano, zimefungwa chini kwenye bampa. Na ukishaingia barabara kuu zizime zote, usimtie mwenzako kiwi.

4. Ukiliinua gari umegusa usukani

Nilipofunga springi za kuinua sentimita 5 pamoja na shokomzoba zake, kazi ilikwisha vizuri na gari likapendeza. Siku ya pili nikashika njia ya Muscat. Kwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa gari likawa linatangatanga: nalipeleka kushoto kidogo, linakwenda, na usukani haurudi wenyewe katikati. Nilidhani tairi. Fundi mmoja mzee wa Kipakistani pale Nizwa hakufungua hata nati moja. Alilala chini, akaitazama ekseli ya mbele, akasema imelala.

Alikuwa na haki. Katika gari la ekseli nzima, mikono inayoishika ekseli inazunguka kwenye bushi zake. Ukiliinua gari, mikono inateremka na ekseli inazunguka pamoja nayo digrii chache tu, na digrii hizo chache ndizo zinazoufanya usukani ujirudishe wenyewe. Dawa yake ni bushi za kurekebisha pembe, ambazo gharama yake ni ndogo sana ukiipima na ya springi. Fimbo ya mshazari inayoizuia ekseli isiende upande nayo huivuta pembeni kidogo gari linapopanda, na hiyo pia inarekebishwa. Kisha angalia mipira ya breki. Acha ekseli ining'inie mpaka mwisho wake, uingie kwa tochi uone kama mpira umekaza kama uzi. Ukikaza, badilisha kabla ya kwenda popote.

Mabadiliko ya namna hii Oman yanataka idhini ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na gari linakaguliwa kwa ajili ya mulkiya, hati ya usajili wake. Uliza kabla ya kununua.

5. Tairi kubwa na breki za zamani

Tuchukue tairi la 275/70 R16. Kipenyo chake ni milimita 791. Ukiweka la 285/75 R16 unapata 834. Chini ya ekseli umeongeza milimita 21 tu, kwa sababu unapata nusu ya tofauti. Lakini mshale wa spidi haujui kwamba umebadilisha. Kabla ya kubadilisha ukisoma 120 sawasawa, sasa ukisoma 120 unakwenda zaidi ya 126, na kamera za barabarani zitakujulisha.

Niliyaelewa vizuri mambo ya breki siku niliyoshuka kutoka Saiq, juu ya Jebel Akhdar. Njia yake ni lami safi, na bado polisi pale juu ya Birkat al Mawz hawamruhusu mtu kupanda na gari lisilovuta magurudumu yote manne. Kwenye mteremko zimejengwa njia za dharura za changarawe kwa gari lililoshindwa breki. Nilikuwa na tairi mpya, familia na mizigo. Katikati ya mteremko nikaanza kunusa breki, na mguu ukawa unazama zaidi kuliko kawaida. Nikasimama penye nafasi tukakaa mpaka zikapoa, kisha nikashuka kwa gia ya chini kabisa. Tairi kubwa huongeza mkono wa nguvu unaopingana na breki zile zile ulizotoka nazo kiwandani. Tia pedi nzuri, badilisha mafuta ya breki, na mteremko uachie injini.

6. Unapovuta, jiulize bolti imeshikwa na nini

Ndani ya Wadi Tanuf, juu kidogo ya pale mfereji wa falaj unapoanzia, ndugu yangu mmoja alikwama kwenye mawe. Akafunga mkanda kwenye kitanzi cha chuma chini ya bampa. Tulisimama pembeni, mbali, kwa kuwa mzee mmoja katika kundi alishikilia hivyo. Mkanda ulipokaza, kitanzi kilinyooka kama ndoano ya waya na mkanda ukapita hewani pale ambapo mtu angekuwa amesimama.

Vitanzi vingi vya kiwandani viliwekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini. Tufe la kuvutia trela ni hatari zaidi, kwa sababu likikatika linaruka kama risasi, na katika nchi mbalimbali limekwisha kuua watu. Nunua ndoano iliyotengenezwa kwa gari lako, inayokaa kwenye matundu yaliyopo ya chesisi, na bolti zenye namba 10.9 kichwani. Pingu ya chuma iwe imepigwa muhuri wa uzito: ile ya milimita 19 kwa kawaida husomeka tani 4.75. Usichomelee wala usitoboe chesisi kwa kubahatisha. Na anayevuta avute pale tu watu wote wanapokuwa wamekaa mbali.

7. Snokeli ni ya vumbi

Kila anayefunga snokeli hukutana na mtu anayemwambia: sasa wadi zote zako. Mimi niliambiwa hivyo na watu wazima wenye akili. Aprili 2024 maji yalilichukua gari lililobeba watoto wa shule huko Samad Ash Shan, wilaya ya Al Mudhaibi, na nchi nzima ikalia. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika kimo cha sentimita 60, yanatosha kuyabeba magari mengi, na gari zito kama letu lina tairi kubwa zenye hewa zinazolisaidia kuelea. Snokeli haina msaada wowote kwa hilo. Sheria ya Oman inamhesabu kuwa mkosaji anayeivuka wadi iliyofurika kwa makusudi, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote.

Faida yake ya kweli niliiona kwenye kichujio cha hewa. Tukienda kwa msafara kwenye kokoto, changu kilitoka kimejaa nusu ya vumbi nililolizoea. Ukitaka kuifunga, pima mara kadhaa kabla ya kutoboa bodi, maana tundu halirudi. Ziba kila kiungo. Mwishoni, injini ikiwa inanguruma taratibu, funika mdomo wa juu kwa kipande cha ubao: injini inapaswa kufa. Ikiendelea, kuna mahali inavuta hewa kwingine, na ndipo maji yatakapopitia.

Kitu ambacho karibu hakuna anayekinunua ni mpira wa kipumulio cha difu. Difu ikitembea inapata moto. Ukiitumbukiza ghafla kwenye dimbwi la baridi, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye mihuri. Mafuta yangu ya difu ya nyuma nilipoyamwaga baada ya mvua yalikuwa meupe, na sikuwa nimevuka kitu kilichozidi magoti. Mpira wa riyali chache, uliopandishwa mpaka juu ndani ya boneti, na vibano viwili, unayazuia hayo yote. Katika vifaa vyote nilivyofunga, huo ndio niliotamani kuujua mapema zaidi.

8. Paa liwe la mwisho

Ukitoka Al Hamra kupanda hadi Sharaf al Alamayn kisha ukateremkia Hat na Bilad Sayt, unashuka kwenye makorongo ya Wadi Bani Awf kuelekea Rustaq. Tulipoipita sisi, njia hiyo ilikuwa mawe matupu. Tulikuwa na hema juu ya paa, madebe manne ya maji na mawili ya petroli. Maji peke yake ni kilo 80, kwa kuwa debe la lita 20 lina kilo 20. Kwenye kona moja iliyoinamia bonde nikaliona gari linalala upande wa shimo, polepole, na gurudumu la juu likawa jepesi. Nikasimamisha. Tukashusha kila kilichokuwa juu, tukayabeba madebe kwa mikono mpaka chini ya kona, tukalipitisha gari tupu.

Uzito ule ule ukikaa sakafuni hauna madhara makubwa; ukikaa paani unalivuta gari lipinduke. Tengeneza hesabu kabla ya kununua: bampa la chuma, winchi, tairi la akiba kubwa, betri ya pili, droo, maji, na watu ambao tunawasahau siku zote. Jumlisha, kisha soma kibao cha mlangoni au kijitabu cha gari uone uzito wa mwisho unaoruhusiwa, pamoja na kiwango cha paa, ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ukikaribia mwisho, chagua cha kuacha. Mimi nimeacha hema. Siku hizi nalala chini, kwenye mkeka, kando ya gari.

Ukimaliza kufunga, tia alama ya rangi juu ya kila nati na bolti yake, mstari mmoja unaopita kwenye vyote viwili. Zile za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa spana ya torki na kwa namba ya kitabu cha gari lako. Za springi, ndoano na keria zitazame ukirudi kutoka wadi ya kwanza. Mstari uliokatika utauona kwa macho hata kabla hujaifuata spana.